Mwendo wa Bibi Mwantumu

Golikipa alikufa akiwa hewani.

Watoto waliokuwa uwanjani walieleza hivyo, kila mmoja kwa namna yake. Kocha Shabani Ndaro, aliyelinda lango la taifa tangu ujana wake, aliwaambia, "Tazameni mikono yangu, msitazame mpira," akaruka upande wa kulia, na aliyeanguka kwenye nyasi hakuwa Kocha tena. Mpira alikuwa ameudaka. Hilo ndilo lililowaliza zaidi, kwamba ilibidi mtu mzima aje kuutoa mikononi mwake.

Naetwe Mshana aliuona mstari wake ukinyooka. Alikuwa Lushoto, mbali kabisa na uwanja ule, ndani ya chumba cha uangalizi cha Kituo cha Walinzi, ana kikombe cha chai ya tangawizi mkononi. Ukuta mzima wa mbele ulikuwa skrini, na juu yake ilipita mistari ya mioyo ya Watu wa Nishani, mmoja chini ya mwingine, kama matuta ya shamba. Mstari wa Ndaro ulitikisika, ukatafuta kitu, ukakikosa, ukalala. Kengele ikalia. Naetwe hakuwa na la kufanya ila kuweka kikombe chini, na hata hilo alilifanya vibaya. Chai ilimmwagikia vidoleni na hakusikia moto.

"Mwingine?" Daktari Mdoe, mkuu wa kituo, alikuwa amesimama mlangoni, koti bado mwilini.

"Ndaro."

"Haiwezekani. Ndaro anakimbia kila asubuhi."

"Alikuwa anakimbia, Daktari."

Juni haikuwa hata imefika mwisho. Alitangulia Mzee Chilongola, mpiga ngoma, aliyeinamia ngoma yake huko Dodoma pale wimbo ulipopamba moto, watu wakashangilia wakidhani ni mbwembwe. Akafuata Jaji Ester Nyirenda, kwenye ngazi za mahakama. Kisha Daktari Kokuhirwa, bingwa wa upasuaji wa watoto, kwa homa ya malaria ambayo mtu yeyote angeiugua na kupona. Kisha malenga Saburi, akicheza kwenye harusi ya binti yake. Redio ilikuwa haijamaliza kumlilia mmoja inaletewa mwingine, na msomaji wa tanzia, mtu aliyeizoea kazi yake, siku ya Saburi alinyamaza katikati ya sentensi, wakaweka muziki.

Watu walisema mengi. Wapo waliosema sumu. Wapo waliosema taifa limehusudiwa. Watu wa Nishani waliobaki waliacha kupokea wageni, na mmoja wao, mchongaji wa Mtwara, alikuwa akila mayai ya kuchemsha tu kwa sababu aliamini hakuna awezaye kutia kitu ndani ya yai.

Kila mmoja wao alibeba mlinzi, kidude kisichozidi punje ya mahindi, kilichopandikizwa chini ya mtulinga, mfupa wa kati ya shingo na bega. Taifa liliwapa kama shukrani: umetuimbia, umetuponya, umetuhukumu kwa haki, basi moyo wako usikuangushe. Walinzi hawakuwa na mapigo yao wenyewe. Waliazimana. Moyo mmoja ukiyumba, mlinzi wake aliomba mwendo kwa walinzi wengine, popote walipo nchini, na mioyo yenye nguvu ikauonyesha ule dhaifu namna ya kwenda mpaka urudi njiani. Tangu waanze mpaka Juni ile, hakuwahi kufa mtu wa Nishani kwa moyo. Hata mmoja. Naetwe alikuja kituoni akitoka chuo moja kwa moja, kwa sababu hakujua mashine nyingine duniani iliyotengenezwa ili watu waazimane uhai.

Simu yake ikalia. Alikuwa Yustina Kaaya, mwanahisabati, mdogo kuliko wote wenye Nishani, aliyezaliwa na moyo wenye kasoro. Alikuwa amelazwa wodi ya wazazi, akimsubiri mtoto wake wa kwanza.

"Dada Naetwe, nimesikia redioni. Usinidanganye."

"Ni kweli. Ndaro."

Yustina akajaribu kucheka. "Mimi nafundisha uwezekano, unajua? Nimepiga hesabu ya watu watano ndani ya mwezi mmoja. Jibu lake linanikataza kulala." Sauti ikashuka. "Mkunga anasema wakati wowote sasa. Nikianza uchungu, huyu mlinzi atanishika?"

Naetwe alitazama ukutani. Mstari wa Yustina ulikuwa wa taratibu. Wa taratibu mno kwa mwanamke aliyejaa hofu kiasi kile.

"Atakushika," alisema, na neno lenyewe likamwogopesha.

*

Bibi Mwantumu Shekiondo ndiye aliyekuwa mkubwa kuliko wote. Alikuwa na miaka tisini na tatu, profesa wa mbegu, aliyeyaokoa maharage ya milimani ule mwaka wa ugonjwa wa majani, na aliishi mwendo wa robo saa kutoka kituoni, kwenye nyumba iliyozungukwa na matuta ya majaribio yake. Naetwe alimtembelea kila Jumapili kumkagua. Ukaguzi wenyewe ulikuwa mfupi. Kilichochukua muda ni chakula.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mke mwenzangu. Umekonda. Mume wetu akifufuka leo atasema nakunyima chakula."

"Atajua ni wivu wako."

"Wivu wa nini, na hiyo miguu ya korongo? Kaa hapo. Leo kuna kuku, na usiniambie umeshiba, Wapare nawajua. Mpare akinyimwa paja la kuku anakwenda mahakamani."

Walikaa mkekani kuzunguka sinia moja, Bibi, Naetwe, na watoto wa majirani, ambao kila Jumapili walitokea bila kuitwa. Hakuna aliyegusa wali mpaka Bibi alipotia tonge la kwanza mdomoni. Ndivyo ilivyokuwa siku zote, mkubwa kwanza. Na siku zote, kabla sinia halijafika nusu, Bibi alisema, "Mimi basi, leteni maji," akanawa, akajisogeza nyuma. Nyama nzuri ilibaki upande wake. Watoto walijua, na walikuwa wakimtazama mkono tangu mwanzo.

"Twende nikuonyeshe maharage yangu," alisema akijifuta. "Yametoa vitumba. Haya yatastahimili joto lile ambalo nyie mtaishi nalo na mimi sitaliona. Nataka nione maua yake tu."

Matuta yalipanda mlima kama ngazi. Naetwe alijiandaa kumshika mkono, lakini Bibi alitangulia. Alipanda tuta la kwanza, la pili, la tatu, kanga imefungwa kiunoni, anaongea. Naetwe, aliyekuwa nyuma, alianza kuhema. Ilimpa furaha. Katika mwezi ule wa misiba, huyu hapa mmoja aliyekuwa mzima, mzima kuliko wote. Alitoa kishkwambi chake ili ajifurahishe na mstari wa Bibi.

Ulikuwa mzuri kupita kiasi. Ulikwenda kama saa.

Bibi akasimama kupumzika kidogo, mkono kiunoni. Mstari wake ukapungua mwendo. Na kwenye kishkwambi, mistari ya wengine wote, wa mchongaji wa Mtwara, wa Yustina kitandani kwake, wote, ikapungua pamoja naye. Ikainama kwa wakati mmoja, kama majani yaliyopitiwa na upepo mmoja. Bibi akavuta pumzi, akaanza tena kupanda. Yote ikainuka.

"Mbona umesimama?" Bibi aliita kutoka juu. "Miguu ya korongo imechoka?"

Naetwe hakuinua macho kutoka kwenye kishkwambi. Golikipa aliruka, na moyo wake haukuruka naye. Ngoma ilipanda, jaji alipanda ngazi, homa ilipanda, harusi ilipamba moto. Kila mmoja alikufa pale ambapo moyo wake ulipaswa kukimbia, na kitu kikaushika. Siku zote hizo wao kituoni walikuwa wakiwachunguza waliokufa. Hawakumtazama aliyekuwa mzima.

*

"Funga mlango," alisema Daktari Mdoe, Jumatatu jioni.

Aliurudia mwenyewe ule mchoro wa mistari, mara moja, mara mbili, kisha akavua miwani na kuiweka mezani kwa uangalifu, kama kitu cha mtu mwingine.

"Moyo wake wenyewe umeacha kuanzisha mapigo," Naetwe alisema. "Nadhani tangu mwisho wa Mei. Hakusikia chochote kwa sababu walinzi wa wenzake walimpokea hapo hapo. Yeye sasa anatembea kwa miguu yao. Na kwa kuwa hawezi kuufuata mwendo wao, wao wanaufuata wake."

"Mkubwa kwanza."

"Ndiyo."

Mdoe alikuwepo siku ile ya kutunuku Nishani, na Naetwe aliijua habari yake, kila mtu kituoni aliijua. Wahandisi walikuwa wamewauliza Watu wa Nishani swali moja tu: ikitokea mioyo miwili ikahitaji kusubiriwa kwa pamoja, mashine imsubiri nani? Ndipo Shabani Ndaro aliposimama, kifua mbele, akasema, "Hilo nalo la kuuliza? Mkubwa kwanza, kama kwenye sinia." Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Jaji Nyirenda alipiga makofi. Saburi alilitungia shairi papo hapo. Wahandisi wakaliandika ndani ya mashine jinsi lilivyo, na hakuna aliyefikiri kwamba mashine haijui kunawa.

"Tukiifuta kanuni hiyo?" Mdoe aliuliza, ingawa alijua.

"Wenzake watakwenda kwa kasi yao. Yeye atabaki nyuma peke yake."

"Na kumpasua, kumtia kifaa cha kawaida?"

"Wewe ndiye daktari."

Mdoe alitikisa kichwa. Kwa umri ule, asingeamka. Nje ukungu ulikuwa ukishuka kwenye miti, na chumba kilikuwa baridi, lakini alikuwa akitoka jasho.

"Sikiliza, mwanangu. Kesho mchana huwa analala kidogo baada ya chakula. Tunaifuta akiwa usingizini. Haumii, haogopi. Taifa linamzika kwa heshima kama wenzake. Hakuna atakayejua."

"Mimi nitajua."

"Wewe na mimi. Tutaubeba."

"Yeye je? Ni uhai wake, Daktari, tunaufanyia mkutano kama vile yeye ni mti."

"Ukimwambia, unampa nini?" Mdoe aliinuka. "Unampa hofu. Hicho tu. Hofu mwisho wa maisha, mtu aliyeilisha nchi hii! Na akikataa? Umeliwaza hilo? Akisema sitaki, utafanya nini? Utamkata akiwa macho, anakutazama? Au utamwacha, na Yustina afe kwenye kitanda cha kujifungulia, na mtoto tumboni?"

Naetwe alijua tu kwamba kama wangefanya vile Mdoe alivyosema, asingeweza tena kukaa kwenye mkeka ule, wala mkeka wowote.

Simu ikaita mezani. Haikuwa Yustina. Alikuwa mkunga wake.

"Uchungu umeanza," alisema. "Kwa kasi. Na kuna kitu sikielewi, moyo wake haupandi. Anasukuma na moyo haupandi. Nyie ndio wenye kile kidude, si ndiyo? Fanyeni kitu."

Mdoe alinyoosha mkono kwenye kibodi. Naetwe akaushika mkono wa mkuu wake, jambo ambalo hakuwahi kuliwaza kulifanya.

"Robo saa," alisema. "Kwenda kwake ni robo saa. Nitakimbia. Nikishindwa, utaifuta wewe."

*

Alimkuta kwenye kiti cha uvivu barazani, blanketi magotini, akichambua maharage kwenye ungo. Naetwe hakumwamkia. Alipiga magoti mbele yake, matope mpaka mapajani, na akasema yote kwa pumzi moja moja, bila mpangilio, Ndaro, kanuni, mwendo, Yustina. Alikuwa ameandaa maneno mazuri njiani. Hata moja halikuja.

Bibi Mwantumu alisikiliza. Vidole vyake viliendelea kuchambua kwa muda, kisha vikasimama.

"Shabani alikufa kwa sababu yangu?"

"Si wewe, Bibi. Mashine."

"Mashine iliyokuwa inanisubiri mimi." Aliuweka ungo chini, nusu ya maharage yakamwagika. "Nilikuwa najisifu nilivyopanda mlima jana. Nilikuwa nakucheka."

Naetwe alingoja. Alidhani sasa litatoka neno la kumfundisha, la kumtua mzigo, kama watu wakubwa wanavyotoa katika hadithi. Alichokiona ni uso wa Bibi ukikunjamana kama wa mtoto.

"Sitaki," alisema Bibi.

"Bibi..."

"Sitaki kufa! Nani kakwambia nimechoka? Nyote mnadhani mtu akizeeka anakuwa amejiandaa. Mimi sijajiandaa. Maharage yangu hayajatoa maua." Alimshika Naetwe ukosi wa shati kwa nguvu asizotarajia. "Wewe si Mpare? Kipeleke kifo mahakamani. Kata rufaa. Fanya kitu, mke mwenzangu, usiniletee maneno tu."

"Sina cha kufanya," Naetwe alisema akilia. "Ningekuwa nacho nisingekuja kukwambia."

"Basi kwa nini umekuja?"

"Kwa sababu uhai ni wako. Sikutaka ukatwe kama mti."

Kishkwambi kilikuwa kimeanguka sakafuni kati yao, skrini juu. Mstari wa Yustina uliinuka kidogo, ukavutwa chini. Ukainuka, ukavutwa. Bibi aliutazama. Kifua chake mwenyewe kilikuwa kikipanda na kushuka kwa woga, lakini mstari wake haukujua kuogopa. Ulikwenda kama saa, na nyuma yake ule wa msichana ukijaribu kupita.

"Huyo ndiye?"

"Ndiye."

"Anasukuma sasa hivi?"

"Ndiyo, Bibi."

"Mimi nilizaa sita," Bibi alisema taratibu. "Moyo unataka kutokea mdomoni." Aliendelea kutazama. Mkono wake uliachia ukosi wa shati, ukabaki hewani, haujui pa kwenda. "Naogopa, unasikia? Usije ukawaambia watu kwamba sikuogopa."

"Sitawaambia hivyo."

"Niletee maji."

Naetwe alikimbilia ndani akarudi na glasi. Bibi akaitazama, akatikisa kichwa.

"Si ya kunywa. Ya kunawa."

Naetwe alisimama pale na glasi yake. Kisha akarudi jikoni, akaleta birika na beseni la plastiki, lile lile la Jumapili, akapiga magoti tena. Alimimina. Bibi alinawa polepole, kidole baada ya kidole, maji yakarukia blanketi na sakafu. Alikawia kwenye kidole gumba. Alikawia tena kwenye kile cha mwisho. Naetwe hakumharakisha, ingawa kila kitu ndani yake kilikuwa kikipiga kelele.

"Mimi basi," alisema Bibi Mwantumu, akajisogeza nyuma kwenye kiti. "Wengine wale."

Naetwe alifungua kanuni ile kwenye kishkwambi. Iliuliza kama ana uhakika. Alimtazama Bibi, Bibi akafumba macho, akaitikia kwa kichwa, na Naetwe akabonyeza.

Mistari iliruka. Yote, nchi nzima, kama watoto waliofunguliwa mlango wa darasa. Wa Yustina ulipanda ukapita wote, ukapanda tena, ukawa unakimbia kwa kasi ya ajabu, na kutoka kwenye simu, ambayo Naetwe hakukumbuka kuikata, ilisikika sauti ya mkunga, mbali, "Haya! Haya mama, hivyo hivyo, usiache!"

Chini kabisa ya skrini ulibaki mstari mmoja mtupu.

Naetwe alikitupa kishkwambi, akaushika mkono wa Bibi, ukiwa bado una maji, akabonyeza vidole viwili chini ya kidole gumba. Hakusikia kitu. Akabonyeza zaidi. Kulikuwa na ukungu barazani na maharage sakafuni, na hakukuwa na kitu.

Kisha pigo. Dogo, la pembeni, kama mtu anayejaribu mlango ambao haukufunguliwa siku nyingi.

"Unapiga?" Bibi aliuliza, macho bado amefumba.

"Unapiga, Bibi."

"Peke yake?"

"Peke yake."

"Usiutoe mkono."

"Siutoi."

Kwenye simu mtoto mchanga alianza kulia, kilio cha hasira, kirefu. Midomo ya Bibi ilisogea, pengine alitaka kutania. Pigo jingine lilikuja, limechelewa, na Naetwe, akiwa amepiga magoti kwenye maji yaliyomwagika, akainamisha kichwa na kulisubiri linalofuata.